Makamishna wa TSC na Mwalimu wa Mombasa: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara

Haya ni maswali ambayo walimu, wazazi na wanaotoka vyuo vya ualimu hapa Mombasa huyarudia kila TSC, yaani Tume ya Kuajiri Walimu ya Kenya, inapotajwa. Majibu yanafuata Katiba ya 2010, Sheria ya TSC ya 2012 na kanuni za walimu za 2015. Kila jibu linajitosheleza. Pale ambapo jambo limekwisha kuelezwa, tumetaja namba ya swali badala ya kulirudia.

## Tume yenyewe

1. TSC ni ofisi, ni watu, au ni nini hasa?

Mtu akisema "TSC" huwa ana maana mojawapo kati ya mbili, na mkanganyiko mwingi huanzia hapo. Kisheria, Tume ni mwenyekiti na makamishna wenzake wanane. Hao tisa ndio baraza linalotawala taaluma ya ualimu nchini: hupitisha sera, huweka kanuni, na hubeba dhamana ya kila uamuzi unaotolewa kwa jina la Tume. Chini yao iko sekretarieti, yaani katibu, wakurugenzi, maafisa wa makao makuu kule Upper Hill, Nairobi, na maafisa wa kaunti na kaunti ndogo. Sekretarieti ndiyo inayofungua faili, inayolipa mshahara na inayojibu barua.

Mwalimu wa Changamwe au Jomvu hushughulika na sekretarieti maisha yake yote ya kazi, na huenda akastaafu bila kumwona kamishna hata siku moja. Lakini barua zote anazopokea, za ajira, za uhamisho au za nidhamu, zimetoka kwa mamlaka ya wale tisa.

2. Jina linasema "Tume ya Kuajiri Walimu". Basi kazi yake ni kuajiri tu?

Hapana, na jina hilo limewapotosha wengi. Kifungu cha 237 cha Katiba kinaipa Tume kazi sita: kusajili walimu waliohitimu mafunzo, kuajiri walimu waliosajiliwa, kuwapangia shule na taasisi za umma, kuwapandisha vyeo na kuwahamisha, kusimamia nidhamu yao, na kukomesha ajira zao. Juu ya hayo, Tume huchunguza viwango vya elimu na mafunzo ya wanaoingia katika ualimu, huangalia mahitaji ya walimu dhidi ya idadi iliyopo, na huishauri serikali ya kitaifa kuhusu taaluma hii.

Tazama mpangilio wenyewe: kusajili kumetangulia kuajiri. Usajili unamgusa kila mwalimu, hata wa shule ya binafsi isiyopokea senti ya serikali. Ajira inamgusa yule tu aliyeandikwa na Tume. Ukishaishika tofauti hiyo, nusu ya maswali yaliyo hapa chini yanajijibu.

3. Ilianza lini?

Mwaka 1967, kwa sheria ya Bunge. Kabla ya hapo walimu waliajiriwa na waajiri mbalimbali, wakiwemo wamishenari na serikali za mitaa, na masharti ya kazi hayakuwa sawa. KNUT, chama cha walimu kilichoundwa 1957, kilipigania mwajiri mmoja. Katiba ya 2010 ikaipandisha Tume hadhi: sasa msingi wake ni Katiba, na hakuna waziri wala rais anayeweza kuivunja kwa amri.

4. Je, Tume iko chini ya Wizara ya Elimu?

Haiko. Kifungu cha 249 kinasema tume za aina hii zipo chini ya Katiba na sheria pekee, wala hazipokei amri kwa mtu yeyote. Wizara inashughulika na sera ya elimu, mitaala na shule. Waziri hawezi kuandika barua ya kumhamisha mwalimu wa Tudor kwenda Kisauni. Akiiandika, haina nguvu.

Uhuru huo una mipaka. Fedha za Tume hupitishwa na Bunge, vitabu vyake hukaguliwa na Mkaguzi Mkuu wa Serikali, kila mwisho wa mwaka wa fedha hupeleka ripoti kwa Rais na Bunge, na mahakama zinaweza kutengua maamuzi yake.

## Makamishna: wanavyoingia na wanavyotoka

5. Makamishna wanapatikanaje?

Nafasi ikiwa wazi, jopo la uteuzi huundwa na kutangaza nafasi hiyo. Watu hutuma maombi, jopo huchuja na kuhoji hadharani, kisha hupeleka majina kwa Rais. Rais huteua na kupeleka jina Bunge la Kitaifa, ambako kamati humhoji mteule na kuandika ripoti. Bunge likikubali, Rais humtangaza katika Gazeti Rasmi la Serikali, naye huapishwa. Mwenyekiti hutakiwa awe na shahada ya elimu na tajriba isiyopungua miaka 15.

Katiba inataka uteuzi wote, kwa jumla, uakisi maeneo na makabila ya nchi. Wapwani wana haki ya kuuliza sauti yao iko wapi katika Tume, ila kamishna akishaapishwa si mbunge wa kwao. Anaapa kuitumikia nchi nzima.

6. Mwananchi wa kawaida anaweza kupinga jina lililoteuliwa?

Anaweza, na njia yenyewe ni nyepesi kuliko watu wanavyodhani. Kabla ya mahojiano, Bunge hutoa tangazo magazetini na kutaja siku na mahali. Yeyote mwenye ushahidi kwamba mteule hafai anaruhusiwa kuupeleka kwa Karani wa Bunge la Kitaifa, kwa maandishi na chini ya kiapo.

Hayo maneno mawili, "chini ya kiapo", ndiyo yanayowaangusha wengi. Watu huandika barua ndefu yenye uchungu mwingi, wakaitia sahihi na kuituma. Barua tupu si hati ya kiapo. Nenda kwa wakili mwenye mamlaka ya kuapisha, utie sahihi mbele yake, naye agonge muhuri wake. Ambatisha nakala za ushahidi na uzipe namba. Andika uliyoyaona au unayoweza kuyathibitisha, si uliyoyasikia barazani. Na fanya haraka, maana kutoka tangazo hadi mahojiano huwa ni siku chache.

7. Kamishna anakaa kwa muda gani?

Miaka sita, kipindi kimoja tu, bila kurudi. Sababu yake ni nzuri: asiyeweza kuteuliwa tena hana wa kumbembeleza. Makamu wa mwenyekiti huchaguliwa na makamishna wenyewe katika kikao chao cha kwanza, na hawezi kuwa wa jinsia moja na mwenyekiti. Mwenyekiti akiwa mwanamume, makamu ni mwanamke, na kinyume chake.

8. Katibu wa Tume naye ni kamishna?

Siye. Katibu huajiriwa na Tume na ndiye afisa mkuu mtendaji. Anaongoza sekretarieti, anatekeleza maamuzi ya makamishna, na anawajibika kwao. Muda wake ni miaka mitano, na unaweza kuongezwa mara moja. Nancy Macharia, kwa mfano, alikikalia kiti hicho kuanzia 2015 hadi 2025, vipindi viwili kamili.

Kwa mwalimu, maana yake ni hii: barua rasmi huelekezwa kwa Katibu wa Tume, kupitia kwa mkuu wa shule na mkurugenzi wa TSC wa kaunti. Barua ya mwalimu kwa mwenyekiti binafsi mara nyingi hurudishwa chini kwa sekretarieti, na wiki kadhaa zimekwisha kupotea.

9. Kamishna akikosea, anaondolewaje?

Kwa sababu zilizotajwa katika kifungu cha 251 pekee: kuvunja Katiba au sheria kwa uzito, utovu mkubwa wa maadili, kushindwa kufanya kazi kwa sababu ya maradhi ya mwili au akili, kutomudu kazi, au kufilisika. Mtu yeyote anaweza kupeleka ombi Bunge la Kitaifa. Bunge likiridhika, humpelekea Rais, ambaye huunda jopo la kuchunguza na kuamua kwa kufuata mapendekezo yake. Rais hawezi kuamka asubuhi akamfuta kamishna.

10. Namfahamu kamishna. Naweza kumwomba anisaidie kupata kazi au uhamisho?

Usimwombe. Kamishna mmoja mmoja hana mamlaka. Mamlaka ni ya Tume ikikaa kama Tume. Akikupigia debe anavunja maadili ya ofisi yake, nawe umejitia katika kesi.

Na ikiwa si wewe unayemtafuta bali ni mtu anayekutafuta akidai "ana mtu TSC", huyo ni mkora. Mchezo wao ni uleule: barua ya ajira yenye nembo iliyochapishwa vizuri, namba ya TSC ambayo wewe mwenyewe umewapa, na sauti ya haraka kwenye simu ikisema tuma pesa leo kabla nafasi haijaenda. Kuomba kazi TSC hakulipiwi. Nafasi hutangazwa hadharani, na barua halali huandamana na jina lako kuwa kwenye orodha ya waliofuzu. Barua ikikufikia bila wewe kuomba kazi wala kukaguliwa vyeti, ni bandia. Ipeleke kwa ofisi ya TSC ya kaunti ndogo au kwa polisi ukiwa nayo mkononi, pamoja na jumbe za simu. Usizifute.

## Kusajiliwa

11. Nani lazima asajiliwe?

Kila anayefundisha shuleni, ya umma au ya binafsi. Shule ya binafsi ya Nyali yenye ada kubwa haina ruhusa ya kumweka darasani mtu asiyesajiliwa, hata akiwa na shahada tatu. Ustadhi anayefundisha Dini ya Kiislamu ndani ya ratiba ya shule ni mwalimu sawa na wa hesabu, naye anatakiwa asajiliwe. Kufundisha bila usajili ni kosa kisheria, na mwenye shule anayemwajiri asiyesajiliwa naye hujiweka pabaya.

12. Natakiwa niwe na nyaraka gani?

Maombi hufanywa kwenye mtandao wa Tume, hivyo kila hati iwe imeskaniwa vizuri, si kupigwa picha ya simu yenye kivuli cha kidole. Andaa kitambulisho cha taifa, cheti cha KCSE (mtihani wa mwisho wa sekondari), cheti cha ualimu au shahada pamoja na matokeo ya kila mwaka, cheti cha tabia njema kutoka DCI (idara ya upelelezi wa jinai), fomu ya daktari iliyojazwa, namba ya PIN ya KRA (mamlaka ya kodi), picha ya pasipoti na stakabadhi ya ada. Anza na cheti cha DCI, kwa sababu alama za vidole na majibu yake hayategemei kasi yako. Waliohitimu nje ya nchi wahakikishe kwanza vyeti vyao vimetambuliwa hapa Kenya.

13. Jina langu limeandikwa tofauti kwenye vyeti. Nitakataliwa?

Hili ni donda la Pwani. Mtoto ameandikishwa darasa la kwanza kama Mohamed, kitambulisho kimetoka Mohammed, na chuo kimeandika Muhammad. Athman amekuwa Othman. Saleh amekuwa Swaleh. Jina la babu lililoko kwenye cheti cha kuzaliwa halimo kwenye KCSE, na "bin" imetokea hapa ikapotea pale. Kwa mswahili ni jina moja. Kwa afisa anayelinganisha herufi na herufi kwenye kompyuta, ni watu watatu.

Panga vyeti vyako mezani kwa mwaka na uandike majina kama yalivyo, herufi kwa herufi. Ikiwa tofauti ni ya tahajia au mpangilio tu, mara nyingi unachoombwa ni hati ya kiapo inayosema majina hayo yote ni ya mtu mmoja. Hati hiyo iyataje yote, kwa tahajia zote, pamoja na namba ya kila cheti. Kosa la kawaida ni kuapa kwa majina mawili na kusahau la tatu. Ikiwa jina limebadilika kabisa, kwa ndoa au kwa kusilimu, kiapo pekee huenda kisitoshe, na utahitaji kubadilisha jina kisheria kwa hati iliyosajiliwa. Ikiwa kosa liko kwenye cheti cha mtihani, KNEC, baraza la mitihani la taifa, ndiyo yenye mamlaka ya kukirekebisha, si TSC.

Lifanye hili ukiwa bado chuoni. Mwanafunzi wa chuo cha ualimu cha Shanzu aliye mwaka wa mwisho ana muda. Aliyekwisha kuitwa kwenye mahojiano hana.

14. Nimepata namba ya TSC. Nimeajiriwa?

Bado. Namba hiyo inasema unaruhusiwa kufundisha. Ajira ni shindano jingine: nafasi hutangazwa, waombaji hupewa alama kwa mwongozo uliochapishwa, na orodha huandaliwa, katika kaunti kwa shule za msingi na kupitia bodi ya shule kwa sekondari. Usome mwongozo huo mwenyewe na ujihesabie alama zako kabla ya kwenda. Ukiona umepunjwa, andika malalamiko upesi, maana muda wake ni mfupi na huwa umetajwa kwenye mwongozo huohuo.

15. Mwalimu wa chekechea, mkufunzi wa chuo cha ufundi na mhadhiri wa chuo kikuu je?

Chekechea ni jukumu la kaunti kwa mujibu wa Katiba, hivyo mwalimu wake huajiriwa na kulipwa na Kaunti ya Mombasa. Usajili wake kama mwalimu uko TSC. Akicheleweshewa mshahara, asiende TSC, aende kaunti. Wakufunzi wa vyuo vya umma vya ufundi walikuwa chini ya TSC, lakini walihamishiwa Tume ya Utumishi wa Umma. Wakufunzi wa vyuo vya ualimu wamebaki TSC. Wahadhiri wako chini ya mabaraza ya vyuo vikuu vyao.

## Uhamisho na mshahara

16. Naishi Mtwapa nafundisha Shanzu. Kuhamia shule ya karibu na nyumbani si jambo dogo?

Kwa matatu ni dakika chache. Kwa karatasi ni safari ndefu, kwa sababu ukivuka daraja la Mtwapa umeingia Kaunti ya Kilifi. Uhamisho ndani ya Mombasa, kutoka Mvita hadi Likoni, hushughulikiwa na ofisi ya TSC ya kaunti. Uhamisho wa kuvuka kaunti huamuliwa makao makuu, na lazima pawe na nafasi kule uendako na mtu wa kuziba pengo unaloliacha. Hali ni hiyohiyo kwa anayetoka Likoni kwenda Ngombeni, ambayo ni Kwale.

Ombi lenye nguvu lina sababu yenye ushahidi: ripoti ya daktari wa hospitali ya umma, si "naumwa". Na usihame kabla barua haijatoka. Aliyeondoka kituoni kwa ahadi ya mdomo, machoni pa kanuni ni mtoro (tazama swali la 18).

17. Makamishna ndio wanaopanga mshahara?

Si wao peke yao. Tume hujadiliana na vyama vya walimu, KNUT, KUPPET (cha walimu wa baada ya msingi) na KUSNET (cha walimu wa elimu maalum), na kutia sahihi mkataba wa pamoja ambao kila mwalimu huuita CBA. Kabla ya hapo lazima ipate ushauri wa Tume ya Mishahara na Marupurupu, na pesa zenyewe hutengwa na Bunge. Mwaka 2015 Mahakama ya Ajira iliwapa walimu nyongeza ya asilimia 50 hadi 60. Mwezi Novemba mwaka huohuo Mahakama ya Rufani ikaifuta. Tangu hapo hakuna anayeingia kwenye mazungumzo akidhani ushauri huo ni mapambo.

## Nidhamu

18. Nimepewa barua ya kusimamishwa nikisubiri kesi. Nifanye nini leo?

Leo, soma tarehe ya barua. Kila kitu kinahesabiwa kuanzia hapo, si siku uliyopata nguvu ya kuifungua.

Una saa 48 za kukabidhi mali ya shule na kuondoka kituoni. Kabidhi kwa maandishi: vitabu, funguo, daftari za alama, tarakilishi, kila kitu kwenye orodha moja, nawe na anayepokea mtie sahihi, ubaki na nakala. Walimu kadhaa wamejikuta na shtaka la pili la kupoteza mali kwa sababu waliondoka kwa hasira wakiacha funguo mezani.

Una siku 21 za kupeleka utetezi wako kwa maandishi. Jibu kila shtaka kwa namba yake. Ukishtakiwa kwa kutokuwepo shuleni tarehe fulani, usieleze ulivyo mwalimu mzuri kwa miaka 18. Onyesha ulikuwa wapi tarehe hiyo: ruhusa uliyopewa, karatasi ya hospitali, ukurasa wa daftari la mahudhurio. Taja mashahidi kwa majina. Omba nakala ya ushahidi uliokusanywa dhidi yako.

Peleka utetezi ukiwa na nakala mbili. Moja inabaki ofisini, ya pili inagongwa muhuri wa kupokelewa wenye tarehe, nawe unaondoka nayo. Kipande hicho cha wino wa buluu ndicho kitakachokuokoa siku mtu atakaposema hukujibu. Masharti ya kuripoti ofisi ya TSC na kutia sahihi yameandikwa kwenye barua. Yafuate hata kama unajua umeonewa.

Waliopewa barua kisha wakanyamaza wakidhani mambo yatapoa, kesi zao husikizwa bila wao.

19. Nitaendelea kulipwa wakati huo?

Kwa makosa mengi, nusu mshahara. Kwa baadhi ya makosa hulipwi kitu, yakiwemo utoro, ubadhirifu wa pesa na uchafu wa kimapenzi na wanafunzi. Ukiondolewa lawama, hurudishwa kazini na kulipwa kilichozuiliwa. Zungumza mapema na benki au sako yako kuhusu mkopo, kabla makato hayajaanza kurudi.

20. Nani huamua kesi, na adhabu ni zipi?

Mamlaka ni ya Tume, ambayo huyakabidhi kwa jopo la nidhamu. Kesi huanzia chini: bodi ya shule kwa sekondari, na ofisi ya kaunti kwa shule za msingi, ambako uchunguzi wa kwanza hufanywa. Una haki ya kuitwa, kusikizwa na kuhoji ushahidi.

Ukipatikana na hatia unaweza kuonywa, kulipishwa hasara, kusimamishwa kazi bila mshahara kwa muda usiozidi miezi sita, kustaafishwa kwa manufaa ya umma, kufutwa kazi, au kufutwa kazi na kuondolewa kwenye sajili. Hiyo ya mwisho ndiyo nzito kupita zote. Jina huchapishwa katika Gazeti Rasmi, na aliyeondolewa haruhusiwi kufundisha tena popote nchini, shule ya umma wala ya binafsi.

21. Sikuridhika na uamuzi. Nina njia gani?

Kwanza, omba Tume iupitie upya uamuzi wake, ndani ya siku 90 tangu tarehe ya barua ya uamuzi. Leta hoja: ushahidi mpya, kosa la utaratibu, adhabu isiyolingana na kosa. Kurudia utetezi wa kwanza neno kwa neno huzaa jibu lilelile. Baada ya hapo iko Mahakama ya Ajira na Mahusiano ya Kazi, ambayo ina kituo Mombasa. Mahakama huanza kwa kutazama kama ulitendewa haki katika utaratibu, na ndiyo maana zile nakala za swali la 18 zina thamani.

22. Mwanangu amedhulumiwa kimapenzi na mwalimu. Nianzie wapi?

Anzia hospitalini na polisi, siku hiyohiyo. Usimwogeshe mtoto wala kufua nguo zake kabla daktari hajamwona. Weka nguo kwenye mfuko wa karatasi, si wa plastiki. Andikisha ripoti kituoni na uchukue namba ya OB, yaani daftari la matukio la polisi. Piga 116, simu ya bure ya kuwasaidia watoto.

Kisha ripoti kwa mkuu wa shule na ofisi ya TSC ya kaunti ndogo. Waraka wa Tume wa 2010 unamtaka mwalimu yeyote mwenye habari za jambo kama hilo aripoti ndani ya saa 24, na anayeficha naye ana kesi ya nidhamu. Kesi ya TSC na ya jinai huenda sambamba, wala haihitajiki moja isubiri nyingine.

Utaletewa wazee. Utaambiwa yamalizwe nyumbani, aibu isitoke nje, kuna fidia, kuna hata ndoa. Kataa. Makubaliano hayo hayana nguvu kisheria, na mwalimu aliyemalizana nanyi kimyakimya huhamia shule nyingine akawakute watoto wengine. Sajili ya Tume ndiyo njia pekee ya kumfungia mlango nchi nzima, na haiwezi kufanya kazi bila ripoti yako.

23. Wazazi tunaweza kumfungia nje mkuu wa shule tusiyemtaka?

Hapana. Ni Tume inayomhamisha au kumwadhibu. Kufuli langoni huwapotezea watoto masomo na kuwapa kesi walioifunga. Andikeni malalamiko yenye tarehe, matukio na majina ya mashahidi, yapitie bodi ya shule na ofisi ya TSC ya kaunti ndogo, na mbaki na nakala yenye muhuri.

## Mambo ya pembeni

24. Mwajiri na msimamizi wa taaluma kuwa mmoja, si hatari?

Ni swali zito, na nchi zimelijibu tofauti. Uskoti ina baraza la walimu tangu miaka ya 1960, lina wajumbe 37, na 19 kati yao huchaguliwa na walimu wenyewe. Baraza hilo husajili na kuhukumu, lakini haliajiri. Tanzania ina tume ya utumishi wa walimu kwa sheria ya 2015, kisha ikapitisha sheria ya bodi ya kitaalamu ya walimu mwaka 2018. Kenya imeweka yote kwenye meza moja.

Faida ipo: faili moja humfuata mwalimu popote, na aliyefutwa Lamu hawezi kujificha Mombasa. Hasara ni kwamba anayekulipa ndiye anayekushtaki na ndiye anayekuhukumu, na hakuna mwalimu anayechaguliwa na wenzake kukaa kwenye Tume. Kwa maoni yetu, mfumo kama huo unavumilika tu ikiwa majopo ya nidhamu yanasikiza kwa haki na maamuzi yake yanaandikwa pamoja na sababu. Kuvitenganisha kungehitaji kubadilisha Katiba yenyewe, kwa kuwa kifungu cha 237 ndicho kilichoviunganisha.

25. Nimeandika mara tatu sijajibiwa. Kuna njia ya kulazimisha jibu?

Iko. Sheria ya Kupata Habari ya 2016 inaipa ofisi ya umma siku 21 za kujibu ombi la habari. Andika kwa Katibu, taja kwamba unaomba chini ya sheria hiyo, na uombe kitu mahususi: "nakala ya uamuzi kuhusu ombi langu la uhamisho la tarehe fulani", si "nielezwe mambo yangu". Weka namba yako ya TSC, ya kitambulisho, shule na kaunti ndogo juu ya ukurasa. Siku zikipita bila jibu, peleka malalamiko kwa Tume ya Haki za Utawala, ukiambatisha nakala yako yenye muhuri wa kupokelewa.